Kiatu cha Mtani Wetu

Ukimwamkia Mtani wetu, hakuitika kama watu wengine. Unasema, "Shikamoo Mtani," naye anakukagua kwanza toka unyayoni hadi utosini, kama anavyomkagua mbuzi mnadani, halafu ndiyo anasema, "Marahaba. Hujafa tu?"

Nami najibu, "Nakusubiri utangulie."

"Utasubiri sana. Ninyi ndio wenye haraka."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, tangu nikiwa mtoto nimeshika khanga ya bibi mpaka nimekuwa mtu mzima mwenye cherehani yangu barazani, hapa Mlandizi. Sikuwahi kuiona mbaya. Nikienda mahali watu wakaniitikia kistaarabu, nilikuwa naona kama nimepunjwa.

Jina lake analo, ila kwetu hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mtani, basi. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo wa Kisarawe, na makabila haya mawili yanataniana tangu zama ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Mtani anakutukana, unacheka. Anaingia jikoni kwako anabeba sufuria na mboga yake, nawe huruhusiwi kununa wala kudai alichochukua. Na ukifiwa, yeye ana kazi maalumu. Habari za kuzaliwa kwake na nani alimzaa sitazieleza, maana yeye mwenyewe alikuwa hazielezi. Ukimuuliza alikuja lini Pwani alisema tu, "Nilikuja kuwazika."

Na ametuzika kweli.

Sisi kwetu tuna kisukari kama koo nyingine zinavyokuwa na vidole virefu au sauti nzito. Bibi alikwenda nacho. Baba mkubwa alikatwa mguu, halafu akaenda. Shangazi kimemchukua macho, sasa anatambua watu kwa nyayo zao zinavyogusa sakafu. Mimi ni msichana wa kuchekacheka, nimeishia kidato cha nne, siku nzima nawaza duka langu la nguo litakavyokuwa na kioo cha kuanzia chini mpaka juu. Sikuwa nakaa kuwaza magonjwa. Ila msibani, Mtani alikuwa anatulazimisha wote kuwaza, tukiwa tunacheka.

Siku ya kumzika baba mkubwa aliruka ndani ya kaburi akajilaza, mikono kifuani, macho kayafumba. Jeneza limefika, watu wamesimama na jua linachoma.

"Mzee, tuache tuzike," sheikh akamwambia.

"Sheikh, wewe una dua yako, nami nina haki yangu. Sitoki."

"Haki gani?"

"Kilo ya sukari. Marehemu hajaimaliza, nani atammalizia?"

Kukawa kimya, ukimya ule ambao hujui utaangukia wapi. Kisha mjane mwenyewe, kutoka kule walikokaa wanawake, akaangua kicheko na kilio kwa pamoja, ndipo wote tukapumua. Sukari ikaletwa. Mtani akapanda juu akiwa mwekundu kwa udongo, akajikung'uta, akampokea marehemu kwa mikono yake yote miwili, taratibu, kama anapokea mtoto mchanga.

Siku ya kuanua tanga alivaa kanzu ya marehemu akamwigiza. Hiyo nayo ni kazi ya mtani, awarudishie mtu wenu kidogo kabla hamjatawanyika. Alimjulia baba mkubwa kila kitu. Namna alivyokuwa anakohoa kabla ya kuomba hela. Namna alivyoburuta mguu wa kushoto akijifanya haumi. Halafu akaita maji. Akanywa kikombe, akapewa kingine akanywa, na kingine, matone yanamtiririka kidevuni, huku akisema kwa sauti ileile ya marehemu, "Jamani, nani ameitia chumvi nyumba hii?" Watoto walicheka wakalala chini. Shangazi, ambaye siku hizo alikuwa bado anaona kivulivuli, aligeuza uso.

Mimi nilikuwa nawaza kwamba nikifungua duka langu nitamshonea kanzu yake mwenyewe, nzuri, ya kitambaa kizito, asivae tena za marehemu.

Lakini mtu huyo aliyemdhihaki baba mkubwa ndiye aliyekuwa anamwosha kidonda. Hili wengi hawalijui. Kipindi kile mguu ulikuwa umefika mahali hata watoto wake wa kuzaa wakiingia chumbani wanatafuta sababu ya kutoka. Mtani alikuwa anatoka Mlandizi mpaka Kisarawe, anakaa kwenye kigoda, anaweka mguu ule juu ya paja lake, anausafisha pole pole alivyoelekezwa na nesi. Mdomo haufungi. "Beberu langu kule Magindu linanuka, ila wewe shemeji umelishinda." Baba mkubwa anacheka, anasahau maumivu. Siku moja nilimkuta Mtani nyuma ya jiko ananawa. Ananawa, anasita, ananusa vidole, ananawa tena. Aliponiona akasema, "Usimwambie mtu kwamba nina huruma, utaniharibia biashara."

Biashara yake ilikuwa udalali wa mbuzi. Ananunua kwa wafugaji wa Magindu, anauza Mlandizi. Na hapo ndipo ilipokuwa imani yake, kushinda hata imani ya msikitini, Mungu anisamehe. Aliamini damu. Ukimletea mbuzi mnene, mzuri, manyoya yanang'aa, hakuuliza bei. Alisema, "Nionyeshe mama yake." Asipoonyeshwa, hanunui. Watu aliwachukulia hivyohivyo. Yule mwizi kwa sababu babu yake alikuwa na mkono mwepesi. Yule anaimba vizuri, hata mama yake alikuwa anaimba. Na kisukari kilikuwa cha Wazaramo wa nyumba ya bibi yangu, kama pembe za kupinda zilivyo za zizi fulani. Yeye alikuwa anatia sukari kwenye chai mpaka kijiko kinapata shida kuzunguka. Akikemewa anasema, "Nyie ndio mna ugonjwa. Kwetu haupo. Baba hakuwa nao, mama hakuwa nao. Nipe hicho kijiko."

Sasa ilitokea kwamba watafiti walikuja Kisarawe. Walikuwa wanatafuta koo kama yetu. Aliyekuja nyumbani kutueleza alikuwa dada mmoja mchangamfu, wa rika la kaka zangu wakubwa, amejifunga hijabu ya kijani. Tukamkalisha kwenye mkeka kivulini mwa nyumba, tukamzunguka. Mtani naye alikuwepo, maana harufu ya pilau haikuwahi kumpita.

Yule dada alieleza vizuri, mpaka mimi niliyeishia kidato cha nne nikashika. Alisema ndani ya mwili wa kila mtu kuna maelekezo ya namna ya kumtengeneza mtu huyo, ndiyo yanaitwa vinasaba, na sasa yanasomeka yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Wao wanayasoma ya watu wenye kisukari na ya watu wasio nacho, wanayalinganisha, waone yanatofautiana wapi. Akasema waliokwisha kusomwa wengi ni watu wa mbali, sisi wa huku bado tu wachache.

Shangazi akauliza, "Mkipaona mahali penyewe, mtapafuta?"

"Bado shangazi. Na si mahali pamoja. Ni pengi, pengi sana, kila pahali panasukuma kidogo tu. Halafu chakula kinasukuma, na mwili kukaa bila kazi kunasukuma. Kwa hiyo kinaweza kumpata hata mtu ambaye kwao hakijulikani."

Mtani akatikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Mwanangu, utajichosha na kusoma. Niulize mimi, nimewazika wote hawa. Mchawi yumo kwenye damu yao, hata mbuzi wangu wanajua."

"Na wewe mzee ni ndugu yao?"

"Mungu aepushe! Mimi mtani wao. Sina hata tone lao."

"Una kisukari?"

"Mimi? Nakula sukari, yenyewe hainili."

Yule dada akatabasamu. "Basi tunakuhitaji sana. Tunatafuta watu wazima wa rika lako wasio na ugonjwa, wa kulinganisha nao."

Hapo ungemwona. Alisimama, akatutazama mmoja mmoja, akatamba kama jogoo. "Mmesikia? Kumbe kipimo chenu ni mimi!" Kuanzia hapo hatukulala kwa majigambo yake. Mlandizi nzima ilijua kwamba Mtani ni damu ya mfano. Wauza nyama walimwita hivyo, na wa bodaboda pia. Mtu akimpa kiti cha kukaa anamwambia, "Kaa vizuri, usije ukaichafua ile damu ya serikali."

Tuliambiwa tuje kituo cha afya asubuhi bila kula chochote. Mtani alikuja na kanzu nyeupe, amejipulizia manukato. Shangazi akamuuliza kama kweli hajala.

"Nimekula daku. Hakuna kufunga bila daku, hiyo si sunna."

Ikabidi arudishwe nyumbani, aje siku nyingine. Tulicheka siku hiyo mpaka tukasahau njaa zetu. Nilipochomwa kidole, yule dada alisoma mashine yake akaniambia, "Kwa leo iko vizuri. Ila wewe ni wa ukoo huu, uwe unakuja kupima kila mwaka, sawa?" Mimi nilisikia "iko vizuri" nikaondoka nayo mbio kama zawadi. Lile "kwa leo" nililiacha palepale.

Siku ambayo Mtani alirudi, mimi nilikuwa nimempeleka shangazi, tumekaa kwenye benchi nje ya mlango. Aliingia anaongea. Tulimsikia anavyomtania yule dada kwamba sindano hiyo ni ya ng'ombe. Mlango ukafungwa, sauti yake bado inasikika. Halafu haikusikika tena. Tulikaa sana. Shangazi akainamisha kichwa upande, kama afanyavyo akitaka kutambua nyayo, akasema taratibu, "Mbona kanyamaza?"

Alitoka na pamba kwenye kidole.

"Vipi Mtani?" shangazi akauliza.

"Wameikataa," akasema. "Wanasema damu safi namna hii ikikaa karibu na yenu itaharibika."

Benchi zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Ila nilimwona yule dada kasimama mlangoni, hacheki. Alikuwa anamtazama Mtani mgongoni kama unavyomtazama mtu anayevuka barabara ya Morogoro bila kuangalia pembeni.

Baada ya hapo Mtani aliacha kujiita damu ya mfano. Wengine wakimwita hivyo alikuwa anaitika, lakini jina hilo yeye mwenyewe halianzishi.

Akaanza kuniletea suruali zake. "Mzaramo, punguza kiuno." Nikapunguza. Mvua za vuli hazijaisha akaja na ileile ya kaki. "Punguza tena."

"Mtani, unakonda na nini?"

"Mapenzi."

"Nani huyo asiye na macho?"

"Shangazi yako."

Tukacheka, nikapunguza. Fundi wa nguo anajua miili ya watu kabla wenyewe hawajajua. Namjua mwenye mimba ambaye hajamwambia mumewe. Suruali ile ya kaki niliipunguza mpaka mifuko ya nyuma ikawa inagusana, nikamwambia hii sasa haipunguziki, labda nikushonee mpya. Naye wakati ananisubiri alikuwa ananywa maji. Nina jagi langu la plastiki naliweka chini ya cherehani. Siku hiyo alilichukua, akamimina kikombe akanywa, akamimina, akanywa, matone yanamtiririka kidevuni, na kichwa kakiinua vilevile kama baba mkubwa. Nilidhani anaigiza. Nikapiga makofi, nikamwambia, "Mtani, leo hakuna msiba!"

Akafuta mdomo kwa kiganja. "Nafanya mazoezi," akasema.

Nilimuuliza siku hiyo waziwazi, yule dada alimwambia nini? Akainuka akachukua suruali yake ikiwa na pini bado. "Usiniambukize ugonjwa wenu," akasema, na hakuniangalia.

Alipotea. Watu wa Magindu wakasema wanamwona, lakini anakaa chini ya mti zizini, mbuzi wanaletwa alipo, haendi kuwaona. Yeye aliyekuwa akimzunguka mnyama mpaka mwenye mnyama anachoka!

Halafu mchana mmoja, jua limekaa katikati, nikamwona anakuja kando ya barabara, anatembea kama mtu anayehesabu kila jiwe. Alikuwa amevaa viatu vya kufunika. Mtani na viatu vya kufunika! Maisha yake yote ni katambuga, zile za tairi. Akapanda barazani akashikilia nguzo.

"Shikamoo Mtani."

"Marahaba, mwanangu."

Nikasimamisha cherehani. Nilisubiri. Nilisubiri lile neno lake, hata nikafungua mdomo nijibu. Hakulisema. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akanyoosha mguu wa kushoto mbele. Ndipo ile harufu ikafika. Sikuwa nimeisikia tangu chumba cha baba mkubwa, na wala sikuhitaji kujiuliza ni ya nini.

"Vua kiatu," nikamwambia.

"Niache nipumzike."

"Mtani, vua kiatu."

Alikivua mwenyewe, kwa shida. Soksi ilikuwa imegandamana na kidole. Lori likapita, kikombe kikacheza juu ya meza.

"Nilikanyaga mwiba zizini," akasema. "Sikuusikia. Niliuona jioni, umekaa tu."

"Yule dada alikuambia nini siku ile?"

"Aliniambia yote. Kwamba nina sukari, tena imepanda sana. Niende hospitali kesho yake." Akajaribu kucheka. "Nilikwenda kama mzima wa kulinganishia, nikatoka mgonjwa kuliko nyie."

"Sasa kwa nini hukwenda?"

"Niende niseme nini? Mimi nimeuigiza mguu wa baba yako mkubwa, watu wamecheka. Kisarawe yote imeniona. Kesho nilale wodini na mguu uleule? Na kwetu huu ugonjwa haupo, mwanangu. Nimefikiri mpaka nimechoka. Baba, mama, babu. Hakuna. Umetoka wapi?"

"Alisema unaweza kumpata yeyote. Alisema mbele yako."

"Alisema. Mimi nilikuwa nacheka."

Akainama achukue kiatu chake aondoke. Mimi sina elimu ya udaktari. Nilijua tu kwamba baba mkubwa naye alisema atakwenda kesho, na kwamba huyu ndiye aliyenifuta machozi ya misiba yote ya kwetu. Nikakiwahi kile kiatu. Nikakikumbatia, na harufu yake, nikasimama nacho.

"Lete kiatu, Mzaramo."

"Sileti."

"Usinitanie, naumwa."

"Tangu lini mtani akaambiwa asitanie? Nimechukua. Ruksa kukasirika hakuna, kudai hakuna. Kiatu hiki kinakwenda hospitali Kibaha. Unakitaka, kifuate."

Alinitazama kwa muda mrefu. Angeweza kwenda na mguu mmoja peku mpaka kwake, nisingeweza kumzuia. Lakini sheria ya utani hakuwahi kuivunja, hata tulipommwagia majivu kwenye kanzu yake ya Idi.

"Wewe binti," akasema mwishoni, "una roho mbaya kama bibi yako."

"Ni damu," nikamwambia.

Nikaita bajaji.

Hospitalini walimlaza siku hiyohiyo. Madaktari walihangaika naye, lakini walisema amechelewa, mguu hautapona na ukiachwa utamwondoa mwenyewe. Waliukata chini ya goti.

Nilikwenda kumtazama walipoturuhusu. Nilishuka mbali kidogo nikatembea juani, nimebeba uji kwenye chupa na kile kiatu kwenye mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimekiosha na kukipaka rangi. Kwa nini nilikibeba, hata leo sijui. Nilipofika kitandani nikaona shuka ilivyolala bapa upande mmoja, nikataka kukificha, lakini alishauona mfuko.

"Shikamoo Mtani."

Akanikagua toka unyayoni hadi utosini. "Marahaba. Hujafa tu?"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Mgonjwa wa kitanda cha pili akatushangaa.

"Kaa nacho hicho," akasema, akionyesha mfuko kwa kidevu. "Cha mtani hakirudishwi. Ukifungua duka lako kiweke dirishani, wateja wajue unashona hata vya mguu mmoja."

Tukaongea. Akaniambia wenzake wodini wameshamjua, na amemwigiza daktari mpaka daktari mwenyewe amecheka. Akaniuliza kama yule dada wa utafiti ameleta majibu. Nikamwambia bado, wanasoma, kazi yenyewe ni kubwa. "Wakimaliza," akasema, "nataka niwaone uso kwa uso, waniambie mimi nimesukumwa na kipi."

Koo lilikuwa limenikauka. Nikachukua kikombe chake mezani, nikamimina maji, nikanywa. Nikamimina tena. Alikuwa ananitania kuhusu uji wangu kuwa mwepesi. Nilipomimina cha tatu akanyamaza.

"Nimetembea juani," nikasema.

Alikuwa ananitazama kwa yale macho ya mnadani.

"Hilo gauni umelishona lini?"

"La Idi hili."

"Umejishonea mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

"Mbona linakupwaya?"

Nikajitazama. Nilishika kiuno cha gauni, kitambaa kikajaa mkononi. Kazi nyingi, nikasema, sipati muda wa kula vizuri. Nilisema na kuchekacheka, kama kawaida yangu. Hakucheka. Mara ya mwisho kupima ilikuwa lini, hata hakuniuliza; nafikiri jibu lilikuwa limeandikwa usoni kwangu.

Nilikuwa nimevua ndala zangu, miguu inapumzika sakafuni. Mtani akajiegemeza kitandani kwa kiwiko, akiguna kwa maumivu, akanyoosha mkono chini, akaokota moja. Akaiingiza chini ya shuka, pale ambapo mguu wake ulikuwa haupo.

"Mtani, lete ndala yangu."

"Imekwenda," akasema. "Chumba cha kupimia sukari ni kile mwisho wa korido, mkono wa kushoto. Ukirudi uniambie wamesema nini. Usiniambie utani."

Nikasubiri atabasamu. Hakutabasamu. Nikavaa ile moja iliyobaki, nikatoka wodini nikiifuata korido, mguu mmoja unalia kwenye sakafu na mwingine peku, kimya, sakafu ikiwa ya baridi sana.